Programu Niliyoiweka kwa Marehemu

Kompyuta ya usharika wetu hapa Kamuli inatumia mfumo wa Linux. Ukijijengea programu mwenyewe, unaichagulia folda ya kukaa. Ile ya kuchapa vyeti vya kipaimara niliiweka kwenye folda ya marehemu kaka yangu, aliyenifundisha kazi hii, ili aendelee kuwa nasi. Sikumwambia mtu.

Juzi tulianua matanga. Mama akasema, "Vitu vyake vyote vigawiwe au viondolewe." Mimi, mtii kupita akili, nikafuta na ile folda.

Jumapili watoto wameshavaa nguo nyeupe, vyeti havichapiki.

"Programu imeibiwa, mwanangu?" mchungaji akauliza mbele ya wazazi.

"Shikamoo, baba," nikajibu, ingawa tulishasalimiana. "Haikuibiwa. Nimeizika mimi, pamoja na kaka."