Pikipiki Mbili, Chumba Kimoja

Jumamosi asubuhi, jirani yangu hapa Kianda, fundi wa mabomba, alileta pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya kumbeba yeye na mkewe hadi kwao Kakamega. Mkewe aliizunguka polepole, mikono kiunoni.

"Hii italala wapi?"

"Ndani chumbani, na ile ndogo yangu ya zamani."

"Na sisi tulale wapi?"

Bwana akaigeukia ile ndogo, iliyoegeshwa mlangoni. Ile ndogo ndiyo ya kwanza maishani mwake, na kila asubuhi huifuta kwa shati lake la zamani. Akaipapasa tangi, akasema kwa sauti ya chini, "Basi wacha niuze hii ndogo."

"Nani amekuambia uuze? Si hii ndiyo ilinikimbiza hospitali nikienda kuzaa? Nifunze kuiendesha. Hiyo kubwa yako, ongea na mwenye ploti hii tunayopanga ikae hapo kwa geti."

Jioni niliwakuta uwanjani. Mama alikuwa juu ya ile ndogo, ameuma midomo, na bwana anakimbia kando yake akipiga kelele, "Pole na gia! Pole!"

Nikamuuliza kama anaogopa mkewe ataanguka.

"Huyo hawezi anguka," akasema akihema. "Shida ni kuwa ameshaanza kuiita yake."

Ukinunua pikipiki ya pili, ndugu msomaji, usijihesabie mbili haraka.