Dhiraa Nne za Ukuta wa Bader

Bader bin Khalfan hakuwa imamu wala mjumbe wa kamati ya msikiti. Alikuwa dereva mstaafu wa serikali, mwenye umri wa miaka sabini na mbili. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila zilipokaribia mvua za baridi, alipanda juu ya dari ya msikiti mdogo ulioko bondeni nyuma ya Ansab, huku nchi ya Waarabu, akaziba nyufa kwa udongo uliopondwa pamoja na makapi. Hakuna aliyemtuma. Naandika habari zake kwa sababu jina lake limechafuliwa, na waliolichafua husali safu ya mbele.

Msikiti ule haukuwa na mnara. Walioujenga hawakupenda makuu. Walijenga kuba dogo tu juu ya ngazi, mwadhini alipotokea kuadhini. Kuta zake zilikuwa za matofali ya udongo, zenye unene wa dhiraa mbili, na dari ilibebwa na boriti za mikoko zilizovushwa kutoka pwani ya Afrika. Upande wa kibla palikuwa na mihrabu ya jasi iliyochongwa, imepachikwa bakuli tano za Kichina, na chini yake limeandikwa jina la fundi na mwaka wa Hijra 917. Bader alizaliwa Unguja, na mjomba wake ndiye aliyemfundisha kuchoma chokaa. Siku ya kwanza alipoziona bakuli zile alicheka peke yake, kwani mihrabu za kwao zilipambwa hivyo hivyo.

Kisha tajiri mmoja akataka kumpelekea thawabu marehemu mama yake. Alileta mkandarasi, na kwa muda wa wiki mbili kuta zote zikapigwa lipu ya simenti, ndani na nje, zikapakwa rangi. Watu walishangilia. Haukupita mwaka, rangi ikavimba na chumvi ikapanda mpaka bakuli ya kwanza.

Bader alimfuata Aziz, mwenyekiti wa kamati, mzaliwa wa Tabora mwenye ulimi mwepesi. Walikutana penye mabomba ya udhu, baada ya Alasiri.

"Aziz, ukuta wa udongo hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa. Nyinyi mmeuziba pua. Nnakwambia, utaoza umesimama."

"Ukuta una pua!" Aziz aliwageukia wenziwe. "Basi tuupeleke hospitali. Endesha wewe, si ndiyo kazi yako?"

Wakacheka wote. Bader akangoja wamalize.

"Nipeni ruhusa niibandue simenti huku chini tu, dhiraa moja kwenda juu. Udongo ukauke kabla ya mvua."

"Mtu kamtolea mamake sadaka, wewe uibandue kwa patasi? Huna haya, bwana?"

"Mihrabu ina miaka mia tano, Aziz. Sadaka ina miezi kumi na minne."

Aliandika barua tatu. Kamati ikajibu moja tu: yeye si fundi aliyesajiliwa. Ni kweli, hakusajiliwa. Lakini katika watu tisa wa kamati, wenye shahada na vyeo, hakuna hata mmoja aliyeona taabu ya kumwita mhandisi atazame.

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari Bader akachukua patasi na nyundo, akaanza mwenyewe. Alianzia ukuta wa mashariki, ulio mbali kabisa na kibla. Alikwishafungua dhiraa nne Aziz alipofika. Udongo nyuma ya simenti ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Aziz hakuugusa. Alitoa simu, akampiga picha mzee aliyepiga magoti na patasi mkononi, na jioni ile kamati ikamlazimisha Bader kutia saini kwamba hataugusa msikiti tena.

"Ungeanzia kwenye kibla, bwana," alisema mkewe, Muhsina, akimtoa vumbi kichwani.

"Nyundo ingeipasua jasi. Nilitaka kwanza niujue udongo ulivyo. Siku ya tano ningefika."

Siku ya tano hakuipata. Katikati ya Februari mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu, waumini walipokwisha kutawanyika baada ya Alfajiri, ukuta wa kibla ulikaa chini kama mtu aliyechoka, ukavuta boriti pamoja nao. Hakuna aliyeumia. Katika mihrabu halikupatikana pande kubwa kuliko kiganja.

Kamati ilitoa taarifa ya sentensi moja: msikiti umebomoka kwa sababu ya kuchokolewa na mtu asiye na idhini. Chini yake ilibandikwa ile picha. Ilienda simu kwa simu. Watu wakaiona patasi, wala hawakuuona udongo uliolowa mbele yake.

Bader alikwenda kwenye kifusi, Aziz akiwapo. Ukuta wa mashariki ulikuwa umesimama. Pale alipopafungua palikuwa pakavu, pagumu. Akapagonga kwa kifundo cha kidole ili wote wasikie.

"Nilipopapiga pamesimama. Mliponikataza pameanguka. Naomba jambo moja: uacheni huu mpaka aje mhandisi."

"Sasa umeuweka ukuta wakili?"

"Shahidi tu, Aziz. Sina mwingine."

Aziz aliutazama ule ukuta, na nasema bila kificho kwamba alikwishafahamu. Asubuhi ya pili lilikuja tingatinga. Lilianzia mashariki, kwenye zile dhiraa nne, ilhali kifusi kilichoziba njia kilikuwa upande wa pili.

Msikiti mpya una minara miwili na marumaru. Jiwe la mlangoni linataja jina la tajiri, na mwaka wa msingi uliotajwa ni mwaka huu. Bader husali nyumbani. Juzi Muhsina alimkumbusha kwamba mvua za baridi zinakaribia; akainuka kwenda kuutafuta udongo, akafika mlangoni, akarudi kukaa.