Ripoti Aliyoisoma Kerubo

Kerubo alikuwa na kanuni moja, nayo hakuitoa kwao Kisii. Aliiokota Doha, kwa mwanamke wa Kihindi. Ubaya wa watu wako waambie wenyewe, wakiwa wamekaa mbele yako, kwa lugha wanayokemea nayo watoto wao.

Mwanamke huyo aliitwa Vasudha. Alikuwa mfamasia katika zahanati ya binafsi ambako Kerubo alifanya kazi ya uuguzi tangu mwaka 2009. Lugha yake ilikuwa Kikannada, ya kusini mwa India, na katika lugha hiyo alikuwa na mwandishi wake mmoja, mzee ambaye Kerubo hakuwahi kusoma hata ukurasa wake. Alimjua kwa kusimuliwa tu, saa ya chakula, wakila wali wa ndimu kutoka mkebe mmoja. Mzee huyo alisoma ng'ambo, akarudi na shahada kubwa ya Kiingereza, akakifundisha chuo kikuu maisha yake yote. Lakini hadithi zake, zilizoumbua unafiki wa makuhani wa ukoo wake mwenyewe, aliziandika zote kwa Kikannada.

"Si angeandika Kiingereza, dunia nzima isome?" Kerubo aliuliza.

"Dunia nzima ilikuwa imekosa nini, Sista?" Vasudha alimjibu. "Waliokosa ni wajomba zake. Na wajomba zake walisoma Kikannada."

Kerubo alicheka mpaka akapaliwa.

Mwaka 2014 mzee huyo akafariki. Vasudha aliomba chama cha watu wa kwao kisimame kimya kidogo kwa heshima yake kabla ya tamasha la muziki. Mumewe alikataa kumsindikiza, kwa hiyo akaenda na Kerubo. Mle ukumbini bwana mmoja aliyevaa shati la hariri alisema jambo kwa sauti, watu wakacheka. Vasudha akasimama peke yake. Kerubo hakuelewa neno, lakini naye akasimama. Bwana yule akaongeza jambo jingine, kicheko kikazidi.

Walipokuwa garini Vasudha akamfasiria. "Kwanza alisema, mzee alitutukana maisha yake yote, basi wasimame wale ambao hakuwatukana. Ulipoinuka wewe akasema, kumbe Afrika ilisalimika."

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Amekasirika kwa sababu alisoma akaelewa. Wanaoniumiza ni wale waliokuwa wakitazama simu."

Maneno hayo yalimkaa Kerubo vibaya, maana yeye alikuwa katibu wa kikundi cha kwao.

Wakenya wenzake walikuwa na kikundi chao. Walikutana Ijumaa baada ya ibada, mtaa wa Al Wukair, nyumbani kwa mwenyekiti, Ndirangu. Kwa Kerubo siku hiyo ndiyo iliyoshikilia nyingine zote. Chumba alishiriki na Pamela, mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja kule kisiwa cha Pearl. Walikuja Doha kwa ndege moja, lakini zamu zao zilipishana, na siku za kazi walionana kama watu wanaopokezana mlango. Ijumaa ndipo Pamela alipomsuka, wakasengenya, wakacheka, kisha wakaenda pamoja.

Kikundini watu walikula na kutaniana kwa Kiswahili. Lakini mwenyekiti akishagonga glasi kwa kijiko, lugha ilibadilika. Ajenda, kumbukumbu, ripoti ya mwaka, vyote vilikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza kilikuwa suti ya kikundi: kilivaliwa kwa heshima, na kilificha kitambi. Kila mwaka ripoti ilikuwa na sentensi moja nzuri, kwamba kikundi kimewezesha ajira kwa wanachama wapya. Katibu aliisoma, watu wakapiga makofi, wakaendelea na pilau.

Ukweli ulikuwa hivi. Ndirangu aliwaleta wasichana kutoka nyumbani kwa ahadi ya kazi ya hoteli. Aliwatumia picha za Pamela akiwa amevaa sare, nyuma ya kaunta inayong'aa. Wakifika, walipelekwa majumbani kuwa makadama, watumishi wa ndani, wa kuamka kabla ya watoto na kulala baada ya wageni. Aliyebahatika kupewa Ijumaa moja alikuja Al Wukair, akaimbiwa wimbo wa makaribisho na kupewa chapati. Hakuna aliyekuwa hajui. Kerubo alijua, na sentensi ile aliiandika kwa mkono wake. Alipojaribu kuiandika kwa Kiswahili aliifuta kabla ya kuimaliza.

Asubuhi ya mkutano wa mwaka, akiwa amekaa sakafuni kati ya magoti ya Pamela akisukwa, alimwambia atakachosoma na kwa lugha gani. Vidole vya Pamela vikasimama.

"Na jina langu limo?"

"Limo. Na langu."

"Kerubo, sikiza. Kama una uchungu, nenda ubalozini. Andikia gazeti, kwa Kiingereza, hata useme mimi ni shetani. Nitasema ni siasa, nitalala. Lakini usinisomee Kiswahili mbele ya watu nimeshika sahani."

"Huko gazetini nitakuwa nakusengenya, Pam. Hapa nakwambia."

"Haya basi. Jisuke."

Pamela akaondoka, nusu ya kichwa cha Kerubo ikiwa bado haijasukwa. Kerubo alifunga kitambaa akapanda teksi peke yake.

"Waah! Madam katibu leo ni mama kanisa!" Tony, dereva wa kampuni ya limuzini, alimtania mlangoni. "Hicho kilemba kimebeba sadaka ama dhambi?"

"Utasikia," Kerubo akasema.

Ndirangu alipogonga glasi, Kerubo alisimama. Pamela alikuwa karibu na dirisha. Winfred, msichana wa mwisho kuletwa, alikaa nyuma karibu na jikoni, kwenye Ijumaa yake ya kwanza ya mapumziko.

Kerubo akasoma: "Mwaka huu kikundi chetu kiliwaleta dada zetu kwa uongo. Mwenyekiti aliwaahidi hoteli akijua ni majumbani. Pamela, rafiki yangu, alitoa picha zake. Mimi nikaandika kwamba ni kazi njema, na nyinyi mkapiga makofi."

Ndirangu akagonga glasi tena.

"Madam," Ndirangu alisema polepole, "hapa ni mkutano ama ni kotini? Soma kwa lugha ya mkutano."

"Lugha ya mkutano Winfred haielewi vizuri, Mwenyekiti. Na habari ni yake."

Watu wote wakageuka kumtazama Winfred. Msichana akainuka.

"Dada Kerubo, nani amekutuma? Nyumbani wanajua niko hoteli. Mama yangu hutoa shukrani kanisani kwa hiyo hoteli. Sasa hawa wote watapiga simu kwao. Umeniacha na nini?"

Kerubo alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Ndirangu. Hilo hakulitarajia. Alisema tu, "Umesema kweli, mdogo wangu. Kosa hilo ni langu," akakaa.

Wako wanaosema angemwita Ndirangu pembeni. Pembeni ndiko Ndirangu alikofanyia kazi yake yote. Wengine wanasema angewaza kwanza juu ya msichana. Hao wana haki, na Kerubo mwenyewe hakuwahi kuwabishia. Lakini baada ya siku ile Pamela hakupigwa tena picha kwa kazi hiyo, na wasichana wa kuimbiwa hawakuletwa tena.

Kabla ya jua kutua Kerubo alikuwa ametolewa kwenye kundi la simu. Pamela alihamia kwa wenzake wa hoteli mwezi huohuo, akachukua sufuria zake na pazia. Winfred hakupokea simu za Kerubo. Mwaka uliofuata Vasudha alirudi kwao kumuuguza mama yake, na mkebe wa wali ukaisha.

Kerubo aliendelea kwenda ibada. Alikaa safu ya pembeni, na watu walipotoka na kukusanyika vikundi vikundi pale maegeshoni, yeye alipita katikati yao kuelekea barabarani. Nyumbani alipika ugali wa mtu mmoja, ambao ni mgumu kupima, na mwingine akaumwaga. Zahanatini alizungumza Kiingereza na madaktari na Kiarabu cha kuokoteza na wagonjwa. Alirudi Kenya mwaka 2016. Kanuni ile ilimgharimu rafiki yake na Ijumaa zake, na kwa mwaka wake wa mwisho Doha hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye Kiswahili.