Rubani wa Jumamosi

Kadii Mwaringa alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa ndege kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo wote hakuwahi kumdharau rubani yeyote kama alivyomdharau Joram Mutuku.

Mutuku aliuza magodoro mjini Kilifi. Hilo halikuwa kosa. Watu lazima walale. Kosa ni kwamba tangu apate leseni ya kurusha ndege ndogo, leseni ya kujifurahisha tu, isiyomruhusu kubeba hata abiria mmoja wa kulipa, alijiita Kepteni. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi alifika kwenye kiwanja cha nyasi nje ya mji, amevaa shati jeupe lenye mistari minne ya dhahabu mabegani, mistari aliyoshonewa na fundi cherehani wa sokoni. Ndege yake ilikuwa ya injini moja na viti vinne, na mtu mzima aliiingia kwa kuinama kama anayeingia banda la kuku. Mutuku aliinama vivyo hivyo, kisha akajaribu kuonekana hakuinama.

Kadii alizijua safari zake zote. Kwanza alizunguka mara mbili juu ya duka lake. Wafanyakazi walikuwa wameagizwa watoke nje wapunge mikono, na asiyetoka alijieleza Jumatatu. Kisha alifuata ufuo hadi Kikambala au Malindi, akapiga picha mabwawa ya kuogelea ya hoteli, akarudi. Redioni alizungumza kwa sauti nzito ya kuazima. Akishatua alikaa kivulini na gilasi ya ukwaju, akimsimulia yeyote aliyekosa pa kukimbilia jinsi upepo ulivyomsumbua huko juu. Upepo wenyewe, mara nyingi, haukutikisa hata kuti.

Kazi yenyewe ya ndege hakuipenda. Kila rubani, kabla ya kuruka, huchota mafuta kidogo chini ya kila tangi kwa kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, akatazama kama yana maji, ambayo huzima injini. Ni dakika mbili. Mutuku aliona ni kujichafua mikono bure.

Mwezi wa tano mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jumamosi ilipokucha bila wingu, Mutuku alikuja na mkewe, Ndinda, ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege ile. Mama wa watu alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Shikamoo, mama," Kadii alimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Niombee."

Kadii akamgeukia mumewe. "Bwana Mutuku, raba ya mfuniko wa tangi la kulia imekwisha. Nilikwambia juma lililopita. Mvua imeingia humo. Niache niyatoe maji kwanza."

"Kepteni," Mutuku alimsahihisha, huku akipangusa miwani yake ya jua. "Na Kepteni anaijua ndege yake. Mke wangu ataungua na jua akikungoja wewe ucheze na vikombe."

"Basi chota mwenyewe."

"Fundi, wewe shika spana."

Kadii alikimbilia ofisini kumwita Mwambire, msimamizi wa kiwanja. Walipotoka, ndege ilikuwa imeshaipita minazi.

Yaliyotokea angani aliyasimulia Ndinda. Mutuku alitumia tangi la kushoto hadi karibu na Ngomeni, kisha akazungusha kiswichi kwenda tangi la kulia, akimweleza mkewe kwamba hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Alichotakiwa kufanya ni kurudisha kile kiswichi kushoto, kwenye mafuta safi tele. Hakukigusa. Ile sauti nzito ilimtoka yote, akabaki kuita "Mwaitu! Mwaitu!", yaani mamake, aliyekuwa salama shambani Ukambani.

Kutua, alitua; Kadii hakumnyima hilo. Barabara ya mashamba ya chumvi ni pana, imenyooka, na siku hiyo haikuwa na lori. Ndege iliserereka mwishoni, ikachomeka pua kwenye tope.

Kadii na Mwambire walipopigiwa simu na kufika na pikapu, walimkuta Mutuku katikati ya wafanyakazi wa chumvi, mistari yake mabegani, akieleza kwa mikono yote miwili. "Mwingine angekufa," alikuwa akisema. "Injini hizi hazina imani."

Kadii aliingia chini ya bawa la kulia, akachota. Kikombe kilijaa maji matupu, bila hata harufu ya mafuta. Akakiinua watu wote waone.

"Hiyo ni hewa ya chumvi ya huku," Mutuku alisema.

Mwanamke mmoja mwenye sepetu alicheka mpaka akaketi. Ndinda alikichukua kile kikombe, akamgeukia Kadii.

"Ndiyo haya uliyotaka kuyatoa asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

Ndinda akamwaga maji yale kwenye viatu vya mumewe, taratibu, kama anayemwagilia mche. Kisha akapanda pikapu, kiti cha mbele, akafunga mlango.

Jioni ile Kadii aliandika kwenye kitabu cha ndege: maji tangi la kulia, rubani alionywa, hakukagua. Mutuku alimfuata hadi karakana. "Dada yangu," alimwita, kwa mara ya kwanza, "hayo maneno mawili ya mwisho yana haja gani?" Kadii alimpa mgongo. Wakaguzi wa usafiri wa anga walipoyasoma, walimsimamisha Mutuku asiruke kwa miezi sita.

Alirudi Novemba na shati jipya. Kufikia hapo kisa kilikuwa kimepata kundi la heroe, ndege wale wa miguu mirefu, walioingia kwenye injini, na Mutuku akiwaepa mmoja mmoja kumwokoa mkewe aliyezimia. Wageni wawili kutoka Nairobi walimsikiliza kwa midomo wazi. Kadii, aliyekuwa amelala chini ya ndege ya mtu mwingine, hakujisumbua hata kugeuza kichwa. Alimwomba Mwambire amsogezee grisi.