Gyro niliyoibandika mimi ndiyo iliyoangusha ndege ya Baba mara tatu

Wakuu, habari za leo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Leo naandika, na nitasema kila kitu kilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Tabora mjini. Shikeni hilo, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Baba yangu ni seremala. Mtaani kwetu Isevya nyumba nyingi tu zina milango yake. Mwaka juzi alipata kiharusi, akalazwa hospitali ya Kitete, Mungu akasaidia akarudi nyumbani anatembea. Ila mkono wa kulia ukabaki unatetemeka.

Seremala mwenye mkono unaotetemeka hawezi kuupeleka msumeno kwenye mstari. Akawa anashinda barazani, amekaa tu. Hata kwaya kanisani akaacha, eti karatasi ya nyimbo inacheza mkononi na watu wanamwangalia.

Siku moja natoka kazini namkuta anachonga ile foam nyeupe iliyokuja na TV ya jirani. Ametengeneza bawa. Bawa kabisa, na mviringo wake wa juu.

"Baba, hii nini?"

"Ndege. Foam haitaki nguvu, mama. Kisu kinateleza chenyewe."

Wakuu, nilikuwa sijamsikia akiongea kwa sauti ile tangu augue.

Nikamtafutia vifaa. Kuna jamaa alikuwa anahama mkoa, akaniachia motor, betri, servo, rimoti na receiver yake. Kitu kimoja nikaagiza mwenyewe: gyro.

Kwa msiojua, rimoti inatuma amri, receiver iliyo ndani ya ndege inaipokea na kuipeleka kwenye servo, vile vimota vidogo vinavyosukuma mapezi ya mabawa na mkia. Gyro unaiweka katikati, baina ya receiver na servo. Upepo ukiilaza ndege, gyro inahisi na kuinyoosha kabla hata wewe hujashtuka.

Nikawaza, hii ndiyo itakayoumeza ule mtetemeko wa Baba.

Nafasi ndani ya ndege ilikuwa finyu na waya za receiver fupi. Nikaibandika gyro chini juu, waya zikitazama mbele, ili zifike. Nikawasha. Nikasukuma rimoti kulia, mapezi yakaenda kulia. Kushoto, yakaenda kushoto. Nikasema safi.

Hapo ndipo nilipokosea, ila sikujua.

Tukaenda kijijini Goweko kwa baba mdogo, ambaye ana mbuga ya mpunga iliyokwishavunwa, mbali kabisa na uwanja wa ndege wa mjini. Mwenyekiti wa kijiji tukamwambia, akaruhusu.

Mara ya kwanza nilirusha kwa mkono, Baba ameshika rimoti, ndege ikapanda kidogo, ikalala kushoto, ikajigeuza mgongo, ikajipigilia chini. Tukaunga kwa gundi.

Wiki iliyofuata, hivyo hivyo.

Nikailaumu receiver. Nikanyoosha antena zake, moja huku na nyingine kule zisilale pamoja. Nikafanya range test: Baba ameshika rimoti, mimi natembea na ndege mpaka nikawa namwona mdogo kama kidole. Servo zinaitikia bila kukosa. Receiver haina shida.

Tukarusha mara ya tatu. Ikalala kushoto, ikajigeuza, chini.

Baba mdogo alikuwa anaangalia, jembe begani. Ni mtu mwema, sema maneno yake hayana breki. "Kaka, pumzika tu. Mikono hiyo haiwezi tena mambo haya."

Baba akanipa rimoti.

"Mpe mtu mwenye mikono."

Tukarudi mjini, nikaiunga ndege tena kwa gundi. Niwe mkweli, hata mimi nilikuwa nimeamini ni mikono yake. Hilo sijamwambia mpaka leo. Nadhani atalijua akisoma hapa.

Mwalimu mwenzangu akasema ataichukua ndege. Jumamosi mchana nikaiwasha barazani nihakikishe inafanya kazi kabla ya kuikabidhi. Nimeibeba mikononi, rimoti iko mezani, hakuna anayeigusa. Nikajipinda kupita mlangoni, bawa la kushoto likashuka.

Pezi la bawa lile likapanda juu.

Nikasimama pale pale mlangoni.

Jamani, bawa la kushoto likishuka, pezi lake linatakiwa kushuka ili upepo uliinue. Likipanda, linalizamisha zaidi. Nikarudia. Nikalaza kulia, pezi la kulia likapanda. Nikainua pua, pezi la mkia likashuka vizuri. Kwa hiyo mkia sawa, mabawa kinyume.

Kwa kuibandika chini juu na kuielekeza nyuma mbele, niliifanya gyro ione kushoto kuwa kulia. Kila upepo ulipoigusa ndege, gyro yangu iliisaidia kuanguka. Rimoti nilipima vizuri. Kuilaza ndege kwa mkono na kuangalia gyro inajibuje, sikupima kabisa. Mwalimu wa fizikia huyo.

Nikaingia ndani mbio.

"Baba, haikuwa mikono yako. Ni mimi."

Nikamwonyesha. Akalaza ndege kushoto, akalaza kulia, mara kumi hivi. Kisha akaiweka mezani.

"Sasa hiyo gyro inatakiwa ikaeje?"

"Itazame juu, mshale uliochorwa juu yake uelekee mbele. Ila waya hazifiki."

"Niletee kisu."

Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwenye kifundo, akakata tundu kwenye foam, polepole, mraba ulionyooka. Waya zikafika. Mimi nilikuwa najifanya natafuta gundi, maana machozi yalikuwa karibu.

Nikapunguza na gain, ile nguvu ya gyro, kwa sababu ikizidi ndege inatetemeka angani. Gyro yenyewe nikaiunganisha na swichi ya rimoti, ili tuweze kuizima ikileta fujo.

Goweko tena. Baba akachomeka betri ameishika ndege, mapezi yakakaa upande. Kumbe gyro ikiwashwa inahitaji kutulia sekunde chache ijue "utulivu" ni upi. Tukaizima, tukailaza juu ya kanga chini, tukawasha upya. Mapezi yakanyooka.

"Nirushe?"

"Rusha, mama."

Ikapanda. Upepo ukaipiga, ikalala kushoto, na mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua ilikuwa imenyooka.

Baba akaizungusha mbuga yote, mizunguko sita, mkono unatetemeka vile vile na ndege imetulia. Ikatua kwenye mabua, pua ikapinda kidogo.

Baba mdogo akaja anatembea haraka. Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Aliuliza tu, "Kaka, hii inaweza kubeba kilo ngapi?" Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Nilichojifunza: kabla hujamlaumu rubani, ilaze ndege kwa mkono wako uone gyro inajibu nini. Na kabla hujaamini kwamba ugonjwa umemmaliza mtu, kagua kwanza kazi yako mwenyewe.

Mkono haujapona, nisiwadanganye. Lakini asubuhi anaamka na kisu na penseli, anachora ndege ya pili, mabawa yake mapana zaidi.

Wazoefu wa gyro, gain mnaanzia ngapi kwa ndege ya foam nyepesi? Na kuna aliyewahi kumfungia mzazi wake kitu kama hiki? Andikeni tu, hata kunicheka ruksa. Baba amekaa hapa pembeni, ameweka miwani, anataka nimsomee majibu moja moja.