Njia ya Mbweni

Siku usingizi ulipomchukua Mwanakheir darasani, mwalimu alikuwa yeye mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, naye alikuwa mwanafunzi wa ualimu, yumo katika mwaka wake wa mwisho. Kila wiki wanafunzi wa chuo chake walipelekwa kwenye skuli moja ya watoto wa kike pale mjini wakajaribu kusomesha, na mkufunzi wao, Bi Mwatima, alikuwa akipita mlango hadi mlango kuwasikiliza. Asubuhi ile Mwanakheir aliandika hesabu ubaoni, akawaambia watoto wazifanye, kisha akakaa kitini apumzishe miguu. Miguu ikapumzika, na yeye mzima akapumzika nayo. Alipofumbua macho, darasa zima lilikuwa kimya linamtazama, na kitoto kimoja cha mbele kimeweka kidole mdomoni, kinamnyamazisha mtu aliyesimama mlangoni.

"Taratibu, Bi," kilinong'ona. "Mwalimu amechoka."

Mtu mwenyewe alikuwa Bi Mwatima.

Hakumfedhehesha mbele ya watoto. Alingoja kengele ilie, ndipo akamwita pembeni.

"Mwanakheir."

"Naam, Bi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una nini? Mwezi wa pili huu nnakuona unayeyuka kama mshumaa."

Mwanakheir aliinamisha kichwa. Hakujua aanzie wapi.

Babake, Ame Borafya, alikuwa mtu wa Tumbatu aliyehamia Mkokotoni akawa mchoma chokaa. Mwanzo wa mwaka ule tanuri lilimporomokea, likamvunja nyonga. Mungu alimnusuru roho, lakini kazi ndiyo ikawa basi, na kile kidogo alichokuwa akimpelekea bintiye mjini kikakatika. Mwanakheir alikuwa akikaa Kikwajuni kwa mama yake mdogo, Bi Mize, mjane aliyeoka mikate ya kuuza kwenye mofa, jiko lake la udongo. Bi Mize hakulalamika hata mara moja. Ila kila jioni alimpakulia mtoto wa dada yake, na yeye mwenyewe akasukuma sahani pembeni: "Kula weye, mimi nshakula." Mwanakheir alijua kwamba hajala. Basi akaanza kuulizia kazi ya kufanya baada ya masomo, na kazi aliyoipata ilikuwa Mbweni.

Huko palikuwa na bwana mmoja, Msabah Kificho, mwenye minazi na ng'ombe wa maziwa. Alikuwa na binti anayeitwa Duni, mtoto mwepesi wa akili, aliyemaliza madarasa yaliyokuwepo kule shamba. Aendelee wapi? Skuli kubwa ya wasichana ilikuwa mjini, na babake hakukubali aende. Si kwamba hakupenda asome. Kusoma alipenda sana. "Njia ndefu kwa mtoto wa kike," alisema, na hapo maneno yakaisha. Akatafuta mwalimu wa kike amfuate bintiye nyumbani. Kila aliyeulizwa alikataa, kwa sababu ile ile: Mbweni mbali. Mwanakheir ndiye pekee aliyekubali.

Siku tatu kila wiki, akitoka chuoni, alikimbilia gari la abiria linalokwenda upande wa Chukwani, akashuka njiani na kumalizia kwa mguu. Akasomesha mpaka jua linapopoa. Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Gari la jioni siku nyingine lilikuja, siku nyingine liliharibika, siku nyingine lilipita limejaa mpaka juu. Hapo Mwanakheir alikaza buibui lake akafuatana na kina mama waliokuwa wakirudi Mazizini kutoka mashambani, na kutoka Mazizini akateremka peke yake haraka haraka mpaka Kilimani, kabla magharibi haijamkuta. Akifika Kikwajuni anaoga, anasali, anafungua kitabu, na kitabu kinamwangukia usoni.

Yote hayo alimweleza Bi Mwatima. Bi Mwatima alisikiliza akimtazama viatu, ambavyo nyuma vilikuwa vimelika kabisa.

"Mbweni!" alisema mwishowe. "Mwanangu, mwanafunzi kufanya kazi si aibu, na mimi nilifanya. Ungekuwa unakwenda Vuga, au hata Miembeni, nisingetia neno. Lakini kazi ya mwanafunzi iwe mahali ambapo akitoka anafika kwao na akili ya kusoma bado anayo. Wewe unakwenda kumsomesha mtoto wa mtu, na huku hujisomeshi mwenyewe." "Nitakuja kukusikiliza tena mwisho wa muhula. Nikikukuta hivi, sitaweza kukupasisha. Kazi ile iache."

Nyumbani Bi Mize alisema yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. "Si nlikwambia? Si nlikwambia mimi? Nani aliyekutuma? Mimi nliona njaa hapa?"

Siku ya pili Mwanakheir alikwenda Mbweni kuaga. Njia nzima alipanga maneno. Alipofika alimkuta Duni ameshatandika jamvi barazani na kupanga madaftari, naye alipomwona tu akaanza: "Mwalimu, zile hesabu za sehemu nimezipata zote, njoo uone!" Na kweli alizipata zote. Mwanakheir aliweka alama ya kila jibu, na kila alama ilimzidishia uzito wa neno alilokuja kulisema. Akaomba waitwe wazee.

Bwana Msabah alikuja na mkewe, wakakaa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimekuja kukuageni. Chuoni wameniambia niache. Nnachoka, masomo yangu yanaharibika." "Mtoto wenu hana tatizo. Tatizo ni njia."

Bwana Msabah alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ndiyo nlosema mimi tangu mwanzo. Njia ndefu hii kwa mtoto wa kike."

"Na mwalimu?" Duni aliuliza.

Babake alimgeukia. "Mwalimu kafanyaje?"

"Mwalimu si mtoto wa kike, baba? Miezi yote hii anakuja na kurudi. Yeye akija huku wewe unafurahi. Mimi nikitaka kwenda, njia ndefu."

Mamake alimvuta mkono anyamaze, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bwana Msabah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona jambo kwa mara ya kwanza, na lilimwingia. Alimtazama Mwanakheir, vumbi mpaka kwenye magoti, kama anayemwona leo.

"Mtoto wa nani wewe, mwalimu? Sikuwahi kukuuliza."

"Wa Ame Borafya, wa Mkokotoni."

"Babako anajua kwamba unarudi kwa mguu?"

"Hajui."

Hapo Mwanakheir alijisikia akisema jambo ambalo hakulipanga hata kidogo.

"Mleteni kwetu. Akae na sisi Kikwajuni siku za masomo, aende skuli mchana, na jioni mimi nimsomeshe pale pale nyumbani. Alhamisi arudi kwenu, Ijumaa hakuna skuli, Jumamosi aje. Gari lenu la punda si linapeleka maziwa mjini kila asubuhi?"

Mke wa Msabah alikuwa wa kwanza kujibu. "Mimi nimekubali," alisema, kabla mumewe hajapata kuuliza lolote.

Njiani kurudi ndipo Mwanakheir alipokumbuka kwamba nyumba ile si yake. Bi Mize alipoambiwa aliweka mwiko chini. "Umekaribisha watu nyumbani kwangu? Chumba chenyewe hiki? Atalala wapi, juu ya mofa?" Alifoka mpaka mikate miwili ikaungua. Kisha akaingia chumbani, na Mwanakheir akamsikia anasukuma kasha, anakiburura kitanda, anapima kwa mikono.

Jumamosi yake gari la punda lilisimama uchochoroni, na Duni amekaa baina ya mikebe ya maziwa na furushi lake mapajani. Babake alikuja naye kwa mguu, pembeni ya gurudumu, njia yote. Alisema alitaka kuipima. Aliingia, akakagua dirisha, akakagua kisima cha jirani, akamuuliza Bi Mize mlango ule hufungwa na nani.

"Hufunga mimi, na ufunguo hulala na mimi," alijibu Bi Mize. "Na weye unaonekana umechoka. Kaa ule mkate."

Akakaa akala. Alipoondoka alisahau kuaga mara mbili, akarudi mara mbili, na mara ya pili macho yake yalikuwa mekundu.

Mkuu wa skuli alimpima Duni kwa hesabu na kusoma, akampokea. Mwanakheir naye aliendelea kupata ujira wake bila ya kutoka nje ya mlango, na saa alizokuwa akizimaliza barabarani akazirejesha kwenye vitabu. Mwisho wa muhula Bi Mwatima alikaa nyuma ya darasa lake tangu mwanzo mpaka mwisho, akatoka, kisha akarudi akatia kichwa tu mlangoni: "Sauti ipandishe kidogo. Mengine sina la kusema."

Mwanakheir alipopasi alipelekwa Kiwengwa kuanzisha darasa la wasichana, na Duni akabaki kwa Bi Mize. Ame Borafya alifika kumwona bintiye anavyosomesha, na magongo yake, akakaa nje chini ya dirisha asikilize.

Likizo ya kwanza Mwanakheir alirudi Kikwajuni, akamkuta Duni ukumbini na wasichana wengine wawili asiowajua, wa Fuoni, wameinamia madaftari. Akamgeukia mama yake mdogo.

"Usinitazame hivyo," alisema Bi Mize. "Wazee wao walikuja wakaomba. Vua buibui ukawaangalie hesabu zao, mimi nna mikate motoni."