Baba Hakuteremka Ufukweni

Baba alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka somo la bahari lilipofika alichora ubaoni mstari mmoja wa ufuko na mistari miwili ya maji: hapa yamejaa, hapa yamepwa. Mimi pia nilipita darasani mwake. Tulimuuliza kama aliwahi kuyaona hayo maji yanayotoka na kurudi, akajibu kwamba hata mbinguni hajafika na bado anatufundisha Biblia. Tulicheka. Kutoka kwetu, upande wa Ekerenyo, safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya kwenda Nairobi kufuatilia karatasi za kustaafu.

Mama alipofariki, Baba akabaki na majani chai yake, migomba na ng'ombe mmoja. Nikaona ni wakati wa kumpeleka Pwani. Nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii na nyumba Mosocho, na nakiri kwamba ni mtu wa kupenda kuonekana nimefanya jambo. Hata mteja aliyekuja kununua nusu kilo ya misumari aliondoka akijua kwamba mwezi wa nane nampeleka mzee Diani.

Baba alipoambiwa alisema anataka kitu kimoja tu.

"Maji yakiwa yamepwa, nataka nishuke mchangani, nisimame mahali pamoja mpaka yarudi yanikute. Nione yanachukua muda gani."

Basi. Hakutaka kuogelea wala kupanda mashua. Hakuna ombi rahisi kuliko hilo ambalo mzazi amewahi kumwomba mwanawe.

Hoteli niliitafuta kwenye simu. Nikachagua nyumba moja ya familia yenye vyumba viwili vinavyotazamana, bafu moja katikati na sebule ndogo. Nikamwonyesha mke wangu picha huku nikingoja sifa.

"Na Baba atalala wapi?" akauliza.

"Si hapo, chumba cha pili. Na watoto watalala sebuleni."

Akanitazama. Mke wangu ni mtu wa kando ya ziwa, na kwao pia kuna mambo ambayo mtu hayafanyi mbele ya mkwe. "Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni. Ni heshima na ni aibu, vyote kwa pamoja. Baba havuki mlango wa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hatakiwi kuona kitanda cha mwanawe. Mkaza mwana hampi mkono baba mkwe, na hakuna anayetakiwa kumwona mwenzake akiwa hajavaa sawasawa. Kila Baba alipokuja Mosocho alikunywa chai yake barazani, akawapima wajukuu urefu, na kabla ya jioni akasema anawahi ng'ombe. Nilijua si ng'ombe. Ila kumsingizia ng'ombe kulinirahisishia maisha.

"Mambo ya zamani hayo," nikamwambia mke wangu. "Mzee ni mwalimu, ni mzee wa kanisa. Na hoteli si nyumba yangu."

"Muulize tu," akasema.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikalipia.

Safari yenyewe ilianza vizuri, hadi leo inaniuma kukumbuka vile ilivyoanza vizuri. Kwenye treni Baba alikaa dirishani na suti yake ya kanisani, watoto wetu wawili wamembana kando. Tulipofika Tsavo, wa kiume akapiga kelele: "Babu, cheki ndovu! Mbona ziko red?" Baba akawaeleza kwamba ndovu hujipaka udongo wa mahali alipo, kwa hiyo huyo angezaliwa kwetu angekuwa na rangi kama ya kuta zetu. Behewa zima likawa linamsikiliza. Mombasa tulilala nyumba ya wageni ya kawaida, yeye na chumba chake cha peke yake kwenye orofa tofauti na yetu. Asubuhi tulimkuta amenyoa ndevu, anaimba wimbo wa kitabu cha nyimbo.

Siku hiyo, Alhamisi, tulikwenda Fort Jesus. Mimi magoti yalilalamika kwenye ngazi, yeye alikuwa mbele na kijana anayetembeza wageni, anamwuliza unene wa kuta, na maji ya kunywa waliyatoa wapi walipozingirwa. Juu ya ukuta ndipo alipoiona bahari. Hakusema "lo!" wala hakuinua mikono. Alitazama mawe ya chini, yaliyokuwa na alama ya unyevu juu ya kimo cha maji, akatazama saa yake.

"Yamepwa," akasema.

Kijana akageuka. "Mzee, wewe si mtu wa bara? Hilo neno umelitoa wapi?"

"Kitabuni," Baba akajibu, na sijawahi kumwona mtu akijivunia kitabu namna ile. Kijana akamwambia kwamba kesho, kama saa nne asubuhi, kule Diani maji yatakuwa mbali kabisa, na yatarudi pole pole hadi alasiri. Baba akaiandika saa hiyo nyuma ya tiketi.

Kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake. Jumamosi ni Sabato yake ya kanisani, na Jumapili alfajiri tulikuwa tunaondoka.

Tulifika hotelini jioni ile ya Alhamisi. Nikamfungulia Baba mlango wa ile nyumba, nikamwonyesha chumba chake kwa mikono miwili kama mwenye mali. Aliona mlango wake, akaona mlango wetu hatua tatu mbele yake, ukiwa wazi, na kitanda, na mke wangu akitoa nguo kwenye begi. Aliona bafu moja. Akarudi nyuma hadi nje.

"Kuna joto," akasema. "Nitakaa nje kwanza."

Asubuhi kitanda chake kilikuwa hakijaguswa. Mlinzi wa langoni akaniambia mzee alilala kwenye benchi la chumba cha walinzi, na kwamba ni mzee mwenye hadithi nyingi. Nilikasirika. Sikumwonea huruma, nilikasirika, maana niliona ameniaibisha mbele ya wafanyakazi wa hoteli. Niliuliza mapokezi kama kuna chumba kingine, wakasema wamejaa. Nyumba za wageni zilikuwa zimepangana barabarani, dakika tano kwa miguu. Sikwenda kuuliza hata moja. Nilijiambia mzee akichoka na benchi ataingia mwenyewe.

Saa nne ilitukuta ufukweni. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, imeacha mchanga mweupe na vidimbwi, na watoto walikuwa wanakimbiza kaa. Mimi nilikuwa na kaptura tu. Mke wangu alikuwa na vazi lake la kuogelea. Wageni wengine walivaa kidogo kuliko sisi. Nilipogeuka nikamwona Baba juu ya ngazi zinazoshuka kutoka bustanini. Alikuwa amevaa koti na kofia, viatu ameshika mkononi, na suruali ameikunja mara mbili, kwa uangalifu. Nilimwona akituona. Akageuza uso upande wa minazi.

"Tata, inchwo!" nikamwita kwa sauti, Baba, njoo! "Njoo, hapa hakuna mtu anayekujua!"

Maneno gani hayo ya kumwambia mzazi? Aliyemjua nilikuwa mimi.

Akapunga mkono, akaketi kwenye ngazi ya juu akitugeuzia mgongo. Mke wangu akajifunga leso haraka. "Baba watoto," akasema, "tutoke hapa. Tuvae, tuende upande ule wa hoteli, tumpe saa moja ateremke. Watoto watabaki naye."

Ningeweza kuandika kwamba sikuelewa alichosema. Nilielewa kabisa. Alikuwa ameliona suluhisho zima, halikuhitaji senti wala simu, ni kuinuka tu na kutembea. Nikamjibu, "Hatukutoka Kisii kuja kucheza kibe, kujificha-jificha hapa. Acha azoee."

"Si yeye wa kuzoea," akasema.

"Nimesema acha."

Hakuvua ile leso tena siku ile. Nikalala kwenye kiti kirefu juu ya kibaraza cha mawe kando ya ukuta, kofia usoni, nikijifanya napumzika, na kusema kweli nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka maji yalikuwa yameshafika kwenye ukuta wa hoteli, yanapiga mawe. Ngazi ya juu haikuwa na mtu. Wanangu waliniambia Babu alikaa hapo muda mrefu akiangalia saa, kisha akavaa soksi na viatu akaondoka.

Jumamosi alitafuta kanisa la Wasabato Ukunda akashinda huko. Jumapili kabla ya mapambazuko alikuwa wa kwanza garini.

Nyumbani alinisifu. Hilo lilinichoma kuliko kama angeninunia. Aliwasimulia waumini habari za ndovu na kuta za Fort Jesus, akanishukuru mbele ya kanisa, nami nikasimama nikapokea makofi. Walipomuuliza habari za bahari aliwaeleza vizuri, maji yanavyojaa na yanavyopwa, saa kwa saa. Mimi nilikuwa nayajua yale maelezo neno kwa neno. Ni yale yale aliyotupa darasani.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza, alipooza upande wa kushoto. Yuko nyumbani kwake, binamu yangu anamhudumia, maana kuna kazi za mwilini ambazo haruhusu mwanawe azifanye. Mimi huenda kila Jumapili, nakaa kando yake. Siku moja alasiri nikamwambia akipata nguvu nitampeleka tena Diani, sisi wawili, kila mtu na nyumba yake.

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Miguu hii?" Kisha akauliza pole pole, maneno yakimtoka kwa shida: "Ile Ijumaa, kama ningewaambia mtoke kidogo, mngetoka?"

"Tungetoka, Baba," nikasema. "Papo hapo."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi kosa ni langu. Ningesema. Ila ningejuaje kwamba mngekubali?" Akafumba macho. "Usijilaumu kwa hilo. Ni mimi nilikaa kimya."

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia kwamba kuna aliyesema. Kwamba mke wangu aliniomba, kwa sauti ya kueleweka, nami nikakataa. Maneno yalifika mdomoni. Nikayameza, nikamvuta blanketi begani, na Baba akalala akiamini kwamba ni yeye aliyejinyima bahari.